Fundi Anajibu: Kutuliza Kelele za Ekzosi Nyumbani

Safari hii barua nyingi zinauliza jambo moja: pikipiki zinazopiga kelele, na wenyewe wanaotaka kuzituliza kwa mikono yao. Tumezijibu zile zinazogusa wengi. Tutangulize neno moja, maana linarudi karibu katika kila jibu: moshi lazima upite, sauti ndiyo inayovunjwa. Anayeubana moshi ili apate utulivu, anaua injini taratibu.

Ekzosi ya wazi, ya kiwandani haipo

*Assalaam aleykum. Nimenunua Boxer 150 kwa mtu, imefungwa ekzosi ya wazi na ile iliyokuja nayo haijulikani ilikokwenda. Nabeba abiria na natoka nyumbani kabla ya alfajiri. Majirani wameshanisema, na wana haki. Nina drili, na fundi wa kuchomelea yupo karibu. Nianzie wapi? – Dereva wa bodaboda, Machomane, Pemba*

Wa aleykum salaam. Kabla hujashika drili, pita kwenye maduka ya spea na kwa mafundi wanaovunja pikipiki zilizokwisha, uulize ekzosi ya kiwandani iliyotumika. Ndani ya kopo lile mna vyumba vilivyotengwa kwa vibao vya chuma, na vibomba vifupi vinavyoutoa moshi chumba hiki na kuupeleka kile, mara nyingine kwa kurudi kinyumenyume. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na inayokuja, zinauana. Kazi hiyo hakuna kitu cha kutengeneza nyumbani kitakachoifikia. Ukiipata nzima, yaani ukiitikisa hakilii kitu ndani, ifunge na swali lako limekwisha.

Ukiikosa, tengeneza kibomba cha ndani cha kupunguza sauti. Kwanza mulika kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona njia imenyooka na ukuta wa ndani una matundu matundu, ekzosi yako ni ya kujazwa sufi, yaani nyuzi za glasi. Soma na jibu la tatu, kwani huenda sufi imeshatoka yote na nusu ya kelele ndiyo hiyo.

Tuseme mdomo wa nyuma una kipenyo cha ndani cha milimita 50. Chukua bomba la chuma la kipenyo cha nje milimita 28, unene 1.5, kwa hiyo ndani linabaki 25. Kata urefu wa milimita 150. Upande mmoja uzibe kwa kipande cha bati la milimita 2, kichomelewe pande zote. Upande wa pili chomelea kisahani cha unene wa milimita 3, kipenyo cha nje 49, chenye tundu la 28 katikati bomba linapokaa. Upande ulioziba ndio unaoangalia injini. Moshi ukifika unakuta njia imefungwa, unaingia kwa matundu ya ubavuni, ndipo unapotoka nyuma kupitia kisahani.

Matundu hayo ndiyo roho ya kazi. Jumla ya eneo lake isiwe chini ya eneo la bomba. Bomba la ndani 25 lina milimita za mraba 491. Tundu la milimita 4 lina 12.6. Ukitoboa 39 umetoka sare. Toboa 48 upate akiba ya karibu robo, kwa sababu masizi yatakula sehemu. Yapange miduara 8, kila mmoja matundu 6, nafasi ya milimita 12 kati ya mduara na mduara, wa kwanza uanze milimita 15 kutoka upande ulioziba. Mduara wa pili uzungushe nusu hatua ili matundu yasifuatane msitari mmoja. Bomba litabaki na nguvu. Piga alama kwa sentapanchi (chuma chenye ncha cha kutia kidoti) kabla ya kutoboa, la sivyo biti inateleza juu ya mgongo wa bomba. Ukimaliza safisha kingo za ndani na nje kwa tupa ya duara. Kingo zenye makapi zinapiga mluzi, na utaondoa kelele moja kwa kuleta nyingine.

Vipimo hivyo ni vya mfano wetu. Wewe pima ndani ya bomba la mbele linalotoka kwenye hedi (kichwa cha injini), na kibomba chako kisiwe chembamba kuliko hilo.

Wengi hukimbilia bomba la maji kwa kuwa liko kila duka la vifaa vya ujenzi. Lile limepakwa zinki. Likichomelewa linatoa moshi mweupe, na aliyeuvuta usiku huo hulala na homa na kutetemeka kwa baridi. Tafuta bomba jeusi la fanicha, au la chuma cha pua kama mfuko unaruhusu.

Kulifunga: chomelea nati ya M6 (ya bolti ya milimita 6) kwenye kisahani kwa ndani, toboa tundu la milimita 6.5 chini ya mdomo wa ekzosi, funga kwa bolti fupi isiyogusa kibomba, yenye wosha ya springi. Paka grisi ya shaba kwenye meno ya bolti, maana bila ya hiyo chumvi na joto vitaishika na hutaitoa tena. Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, kaza upya. Kibomba kikilegea kinaruka nje kikiwa cha moto, na aliye nyuma yako ndiye kitakayempata.

Kisha jaribu kwenye mlima ukiwa na abiria. Pemba huhitaji kuutafuta mlima. Ikiwa injini inakosa pumzi gia ya tatu na ya nne mahali ambapo zamani ilipanda vizuri, au bomba la mbele linaanza kuwa jekundu gizani, umebana mno: ongeza matundu 10 ujaribu tena.

Ekzosi ile ile, ila sasa inapiga kelele

*Nina TVS, ekzosi ndiyo iliyokuja nayo dukani. Siku hizi nikiiwasha asubuhi inalia tak-tak-tak upande wa mbele, ikipata moto inapungua. Nimeambiwa ninunue ekzosi mpya. Ni kweli? – Msomaji, Fuoni, Unguja*

Usinunue bado, dada. Kelele ya kupasua inayokuwa kubwa injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto ina alama zote za moshi unaovuja pale ekzosi inapokutana na hedi. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuuziba mwanya kidogo.

Hakikisha hivi. Injini ikiwa baridi, washa, na katika nusu dakika ya kwanza pitisha mgongo wa mkono karibu na kiungo bila ya kukigusa. Utasikia vipumzi vinavyogonga ngozi. Au mtu wa pili akunje tambara nene lililoloa, alibane kwenye mdomo wa nyuma kwa sekunde mbili tatu tu. Ekzosi isiyovuja itaizima injini au itakaribia kuizima. Inayovuja itapuliza kwa kishindo pale penye tatizo. Masizi meusi yaliyochora mistari kwenye hedi ni ushahidi mwingine.

Dawa yake ni gasketi, pete ndogo inayobanwa kati ya bomba na hedi. Ni kitu cha kutumika mara moja: ikishabanwa imeshachukua sura ya mahali pake, ukiifungua na kuirudisha inavuja. Chukua ya zamani uende nayo dukani, maana kipenyo kikikosea kwa milimita mbili haikai.

Kwenye pikipiki ndogo nyingi nati ni mbili, za spana namba 10, kwenye stadi (bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi) za milimita 6. Hapa ndipo penye hatari. Stadi zimeshika kutu na hedi ni aluminiamu. Ukivunja stadi, gharama inaruka. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, kisha fungua kwa kwenda na kurudi: robo mzunguko mbele, kidogo nyuma. Nati ikigoma kabisa, washa injini dakika moja ipate uvuguvugu, zima, jaribu tena.

Ukishaitoa ekzosi, angalia ndani ya tundu la hedi kwa tochi. Mara nyingi pete ya zamani imeganda mle na inafanana na sehemu ya hedi, mtu anaweka mpya juu yake, na baada ya wiki anaanza kuilaumu spea ya bandia. Itoe kwa bisibisi ndogo ukiichokoa pembeni bila ya kuchuna aluminiamu.

Kurudisha kuna utaratibu. Weka pete mpya, pachika ekzosi, zishike nati za mbele kwa vidole tu, na bolti ya nyuma inayoishika ekzosi kwenye fremu nayo iwe legelege. Sasa kaza za mbele kwa kupokezana, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka flanji (bati la mwisho wa bomba linalobanwa na nati) ikae sawa. Kiasi ni kama nyutonimita 10, yaani spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono, siyo ya bega. Bolti ya nyuma ndiyo ya mwisho. Anayeanza kukaza nyuma huipinda ekzosi, na flanji hubaki imeinuka upande mmoja. Endesha, acha ipoe kabisa, gusa nati tena.

Ikiwa baada ya yote hayo bado kuna mlio wa bati kwenye mwendo fulani tu, shika kava la kuzuia joto ulitikise. Wosha zake zikilika, kava linagonga kopo. Wosha za faiba zinazostahimili joto na bolti mpya zinamaliza.

Kujaza sufi upya

*Ekzosi yangu ni ya duara, ya kununua, si ya kiwandani. Mwanzo ilikuwa na sauti nzito ya kupendeza, sasa inabweka. Nimesikia inajazwa kitu ndani. Kitu gani, na kiasi gani? – Kijana wa Bububu*

Hujakosea. Ndani ya kopo hilo mna bomba lenye matundu, na kati ya bomba na kopo hujazwa sufi ya glasi. Sauti inaingia kwenye sufi na kugeuka joto. Sufi ikiungua na kupeperuka, kopo linabaki tupu na linalia.

Toa ekzosi kwenye pikipiki. Toboa vichwa vya riveti kwa biti ya milimita 5, kama riveti zako ni zile za kawaida za 4.8, ukiona kichwa kinazunguka, simama, kimeshakatika. Hesabu riveti na weka alama ya rangi kwenye kifuniko na kopo ili uvirudishe vilivyokuwa. Mwagia maji kidogo sufi ya zamani kabla ya kuitoa, vumbi lake linachoma koo na ngozi. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, na kazi ifanyike uani watoto wakiwa mbali.

Safisha bomba la matundu kwa brashi ya waya. Matundu yaliyozibwa na masizi ni kama hayapo.

Sasa kiasi, ambacho wengi hukisia kwa macho. Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 100 hadi 150 kwa kila lita ya nafasi. Kopo la kipenyo cha ndani sentimita 10, bomba la ndani la sentimita 4, urefu sentimita 30: 10 kwa 10 ni 100, toa 4 kwa 4 ambayo ni 16, inabaki 84. Zidisha kwa 0.785, kisha kwa 30. Unapata sentimita za ujazo 1,978, karibu lita mbili. Kwa hiyo gramu 200 hadi 300. Sisi tungechukua 240 na kuzipima kwenye mizani ya duka. Ukijaza pungufu, sufi inacheza, inakatikakatika na kutoka. Ukiigandamiza mno inakuwa ngumu, na sauti inagonga na kurudi badala ya kuingia.

Sufi ya kujazia ekzosi si kila duka la spea inapatikana. Mafundi wa boti za fiba wanatumia kitambaa cha glasi kilichofumwa, na hicho kinafaa kikiwa kikavu, hakijaguswa na gundi yao. Kitambaa cha gramu 600 kwa mita ya mraba, ukikata sentimita 30 kwa 133, kina gramu zako 240. Wana pia aina ya nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo. Hiyo iache, inapeperuka mapema. Sufi ya manjano ya darini au ya mashine ya baridi nayo iache: gundi inayoshika nyuzi zake inaungua kabla joto la ekzosi halijafika popote.

Zungusha kwanza tabaka jembamba la nyuzi za chuma cha pua juu ya bomba la matundu, kama milimita 5, ili moto usiigonge glasi moja kwa moja. Funga kwa waya mwembamba wa chuma cha pua. Kisha kitambaa, kikizungushwa kwa kukaza kidogo, mpaka kiingie ndani ya kopo kwa kusukuma kwa mikono miwili. Kikiingia chenyewe bila ya kusukumwa, hakijatosha. Paka silikoni nyekundu ya joto kwenye kingo za kifuniko, na tumia riveti za chuma cha pua. Za aluminiamu kwenye kopo la chuma cha pua, kwa hewa yetu hii ya bahari, zinaliwa na kifuniko kinaanza kucheza.

Safari ya kwanza itatoa moshi na harufu kwa dakika kumi hivi. Hayo ni mafuta ya kiwandani kwenye nyuzi yanaungua.

Waya wa kusugulia sufuria

*Kuna watu huku wanasokomeza waya wa kusugulia sufuria kwenye mdomo wa ekzosi na kelele zinapungua kweli. Kuna ubaya? – Msomaji, Wete*

Upo. Waya laini wa chuma cha kawaida unashika kutu kwa wiki chache, na ukiwa mkavu na moto unaweza hata kuwaka na kutoa cheche. Ukiloa masizi unakuwa kizibo. Kelele zinapungua kwa sababu injini haipumui, na bei yake ni petroli inayopanda na vali ya kutolea moshi inayoungua.

Ule wa kukunjamana unaong'aa, ikiwa ni chuma cha pua kweli, unaweza kutumika kama tabaka la kwanza tulilolitaja juu, ndani ya kopo, si mdomoni. Sumaku haitakwambia ukweli, kwani kuna chuma cha pua kinachoshikwa na sumaku. Utie kwenye maji ya chumvi siku mbili. Ukichanua kutu, urudi jikoni.

Vespa ya zamani, Mji Mkongwe

*Vespa yangu ni ya petroli ya kuchanganya na oili. Kwenye vichochoro inatisha, kuta zinarudisha sauti. Nataka kuupunguza mdomo wa ekzosi uwe mdogo. – Mzee wa Mkunazini*

Shikamoo mzee. Mdomo tunakuomba usiuguse. Injini ya kuchanganya oili haina vali ya kutolea moshi; ekzosi yenyewe inasaidia kuvuta moshi na kuirudisha petroli iliyotaka kutoroka. Ukibadilisha mdomo umebadilisha pumzi ya injini: itapata moto, na pistoni inaweza kushika, yaani kukwama ndani ya silinda.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni kiungo cha ekzosi na silinda chenye klampu. Kikilegea, kelele zote hutokea hapo, na mafuta meusi huchuruzika kwa nje. Safisha, paka gamu ya ekzosi inayostahimili joto, kaza klampu. Gundi ya chuma ya kuchanganya vitu viwili haifai mahali hapo, inaungua. La pili ni kutu: ligonge kopo polepole kwa mpini wa bisibisi kila upande. Penye sauti iliyokufa, bati limekwisha.

Na kama vespa imekuwa kimya kuliko zamani lakini haipandi, kopo limejaa kaboni. Litoe, na kwa kuwa ni la chuma tupu unaweza kulisafisha kwa magadi makali ya kuzibulia mabomba: gramu 500 kwenye lita 5 za maji, unatia magadi kwenye maji na kamwe si maji kwenye magadi. Ndoo iwe ya plastiki, ukivaa glavu za mpira na miwani. Ziba mdomo mmoja, jaza, acha usiku kucha, suuza kwa maji mengi, kausha juani. Aluminiamu isikaribie dawa hiyo, inaitafuna na kutoa gesi inayowaka. Maji yake yasimwagwe karibu na kisima. Kisha rudi kwenye kipimo cha oili cha asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli, kama kitabu cha vespa yako kinavyosema hivyo. Kumimina kwa kukisia ndiko kulikolijaza kopo.

Inapasua ukiachia mafuta

*Nikiteremka na kuachia mafuta, ekzosi inapasua kama fataki. Nimebadilisha gasketi. – Dereva, Mwera*

Gasketi ya ekzosi kwenye hedi umebadilisha, sawa. Kiungo cha pili, pale bomba la mbele linapoingia kwenye kopo, umekiangalia? Ukiachia mafuta, ekzosi inavuta hewa kupitia mwanya wowote, hewa inakutana na petroli isiyoungua kwenye bomba la moto, inalipuka.

Kiungo kikiwa kizima, tatizo ni petroli pungufu kwenye silensa (injini ikizunguka polepole bila ya kupewa mafuta), hasa pikipiki iliyowahi kufungwa ekzosi ya wazi. Tafuta skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta. Ikiwa iko upande wa injini, inaongoza petroli, na kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, inaongoza hewa, na kuifungua kunapunguza petroli. Wengi hupotea hapa. Izungushe mpaka mwisho bila ya kukaza ukihesabu mizunguko, uandike, kisha rudi ulipoanzia na uongeze petroli kwa robo mzunguko kila jaribio. Kwenye pikipiki nyingi huishia kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu.

Ukienda kinyume, yaani kutoka ekzosi ya wazi kurudi ya kiwandani, kumbuka jeti kubwa, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Kama aliyekutangulia aliiongeza, plagi itakuwa nyeusi ya masizi makavu na petroli itakwisha haraka. Plagi ya rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka.

Kutu ya pwani

*Kopo limetoboka chini. Nilikuta na kitundu kidogo cha duara, nikakichomelea, sasa pembeni yake pametoboka pakubwa. – Msomaji, Jambiani*

Kile kitundu kiliwekwa na kiwanda. Moshi una mvuke wa maji, na kwenye safari fupi maji yanabaki chini ya kopo. Kitundu cha milimita 2 au 3 ndiyo njia yake ya kutoka. Ukikiziba, maji yanakaa na kula chuma kutoka ndani.

Kata kote palipokuwa pembamba mpaka ukutane na chuma kinachong'aa ukikwangua. Kuchomelea juu ya kutu kunatoboa zaidi. Kata kiraka cha bati la milimita 1.2 kinachopita tundu kwa sentimita moja kila upande, ukipinde kifuate mgongo wa kopo. Ekzosi iwe imeshatolewa kwenye pikipiki na ncha zote mbili ziwe wazi. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.0 kwenye ampea 40 hadi 60, kwa vidonda vifupi vya kurukaruka, upande huu kisha ule, joto lisikusanyike. Halafu toboa upya kitundu cha milimita 3 mahali pa chini kabisa ekzosi inapokaa kwenye pikipiki.

Huna fundi kwa leo? Kipande cha kopo la maziwa ya unga, gamu ya ekzosi chini yake na klampu mbili, vitakufikisha mjini. Kopo la soda halifai, ni jembamba mno. Na ukitoka kwenye maji ya chumvi, suuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ekzosi ikishapoa. Ile tepu ya kuzungushia bomba la mbele inapunguza sauti kidogo sana na inashika unyevu wa chumvi juu ya chuma; kwa pwani hatuishauri.

Kupima kwa simu

*Programu ya simu ya kupima kelele inaaminika? – Mwalimu wa skuli, Micheweni*

Kwa namba kamili, hapana. Kwa kulinganisha kabla na baada, inatosha, ukishika masharti. Simu ile ile, mahali pale pale, uwanja wa wazi bila ya ukuta karibu, upepo umetulia. Kipimo rasmi cha pikipiki iliyosimama huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi kwa pembe ya digrii 45, lakini maikrofoni za simu nyingi hulemewa na sauti kubwa na kutoa namba ya uongo, kwa hiyo wewe rudi nyuma mita 3. Mtu wa pili ashike injini kwenye mzunguko mmoja, ukiwa na kipimo cha mzunguko tumia nusu ya ule wa nguvu kubwa kabisa ulioandikwa kwenye kitabu. Chukua vipimo vitatu, shika cha kati. Tofauti ya desibeli 3 utaiona kwenye simu lakini jirani hataisikia sana. Ikishuka 10, masikioni inakuwa kama sauti imegawika nusu. Pima pia ukiwa umesimama mbele ya pikipiki. Ikiwa namba ya mbele haikushuka kabisa ilhali ya nyuma imeshuka, rudi kwenye gasketi ya ekzosi kwenye hedi, au fungua kava la kichujio cha hewa uone kama mpira wake bado unaziba.